Jinsi FSMB inavyozisaidia bodi za leseni za madaktari Marekani

Marekani haina leseni moja ya udaktari inayotumika nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake ya utabibu, bodi yake, ada zake na masharti yake. Daktari mwenye leseni ya Texas akimhudumia kwa simu ya video mgonjwa aliyeketi nyumbani kwake Oklahoma, kisheria tiba hiyo imefanyika Oklahoma, na kwa kawaida daktari huyo atatakiwa awe na leseni ya huko. Mpangilio huu huwachanganya madaktari wanaohamia Marekani. Huwachanganya pia wagonjwa wasiojua malalamiko yao wayapeleke ofisi gani.

Kinachoziunganisha bodi hizo ni Shirikisho la Bodi za Madaktari za Majimbo, lijulikanalo zaidi kwa herufi FSMB. Wengi hulidhania kuwa ni wizara au baraza kuu la madaktari. Sivyo. Halitoi leseni, halimwiti daktari mbele ya kamati ya nidhamu, wala haliwezi kutengua uamuzi wa bodi yoyote. Ukilipelekea malalamiko dhidi ya daktari, utaelekezwa kwenye bodi ya jimbo. Nguvu yake ni ya aina nyingine: kuhakikisha kwamba bodi takriban 70 zisizokuwa na mkubwa mmoja zinamwona daktari yuleyule kwa taarifa zilezile.

Bodi 70 zimetoka wapi

Marekani ina majimbo 50, lakini bodi ni nyingi kuliko hapo kwa sababu mbili. Kwanza, Washington D.C. na maeneo kama Puerto Rico, Guam na Visiwa vya Virgin yana bodi zake. Pili, baadhi ya majimbo, mfano Florida, California na Pennsylvania, yana bodi mbili: moja ya madaktari wenye shahada ya MD na nyingine ya wenye shahada ya DO, yaani waliosomea tiba ya osteopathi. Kazini madaktari hawa wote wawili hutibu, huandika dawa na hupasua, ila historia ya vyuo vyao ni tofauti.

Msingi wa kisheria ni Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yanayoyaachia majimbo mamlaka yote ambayo serikali ya shirikisho haikupewa. Mwaka 1889, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kumzuia mtu asiye na sifa zinazotakiwa kufanya kazi ya utabibu. Baada ya hapo bodi zilisimama imara kisheria, lakini kila moja ilisimama peke yake. Mtu aliyefukuzwa jimbo moja alikuwa na uwezo wa kupanda treni na kufungua zahanati jimbo la jirani.

FSMB ilizaliwa mwaka 1912 kwa kuunganishwa vyama viwili vya bodi vilivyokuwa vikivutana kuhusu jimbo moja kutambua leseni ya jimbo jingine. Makao yake makuu yako Euless, Texas, karibu na Dallas, na ina ofisi Washington D.C. ya kufuatilia mambo ya Bunge. Kila bodi mwanachama ina kura moja katika mkutano wa mwaka, kwa hiyo bodi ya Wyoming yenye watu wachache ina sauti sawa na bodi ya jimbo kubwa. Utaratibu huo una faida kwa bodi ndogo: sera haziwezi kupitishwa na majimbo matatu manne yenye madaktari wengi.

Mtihani mmoja, masharti tofauti

Zamani kila bodi ilitunga maswali yake. Mwaka 1968 FSMB ilianzisha mtihani wa pamoja ulioitwa FLEX, ambao bodi zingeweza kuutumia badala ya kutunga wenyewe. Ulisaidia, lakini ulibakisha ngazi mbili. Wahitimu wa vyuo vya Marekani kwa kawaida walipitia mitihani ya Bodi ya Taifa ya Watahini wa Tiba, NBME, na wahitimu wa vyuo vya nje wakapitia FLEX. Waliosoma nje walilalamika kwamba wanapimwa kwa kipimo kingine, na bodi nazo zilipata shida kulinganisha matokeo. Kuanzia mwaka 1992 ngazi hizo mbili ziliunganishwa kuwa USMLE, mtihani unaomilikiwa kwa pamoja na FSMB na NBME. Madaktari wa osteopathi wana mtihani wao, COMLEX-USA.

USMLE ina hatua tatu. Hatua ya 1 hupima sayansi za msingi, na tangu Januari 26, 2022 matokeo yake hutolewa kama umefaulu au umefeli tu, bila alama. Hatua ya 2 hupima maarifa ya kitabibu. Sehemu ya vitendo iliyokuwa ikifanywa mbele ya wagonjwa wa kuigiza ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, kisha ikafutwa kabisa Januari 2021. Hatua ya 3 huchukua siku mbili, na watahiniwa wake hujiandikisha kupitia FSMB yenyewe.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kwa kuwa mtihani ni mmoja, masharti nayo ni yaleyale. Kiwango cha kufaulu ni kimoja nchi nzima, lakini idadi ya majaribio na muda wa kukamilisha hatua zote huwekwa na jimbo. USMLE yenyewe, kwa sheria iliyoanza Julai 2021, haimruhusu mtu kujaribu hatua moja zaidi ya mara nne. Jimbo linaweza kuwa kali zaidi: likisema majaribio matatu, aliyefaulu mara ya nne amefaulu mtihani lakini leseni ya jimbo hilo hapati. Kuna majimbo pia yanayotaka hatua zote zikamilike ndani ya miaka saba. Daktari anayepanga kuishi jimbo fulani asome masharti ya bodi yake kabla ya kufanya Hatua ya 1. Akisubiri mpaka amalize zote, huenda asiwe na la kurekebisha.

Faida nyingine ya mtihani wa pamoja ni ulinzi. Januari 2024 programu ya USMLE ilibatilisha matokeo ya watahiniwa 832 wenye uhusiano na Nepal, baada ya uchambuzi kuonyesha mwenendo wa majibu usio wa kawaida. Walipewa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya au kufanya mtihani wa kuthibitisha uwezo wao. Mtu anaweza kubishana kuhusu namna jambo hilo lilivyoendeshwa, na baadhi walikwenda mahakamani. Hata hivyo, bodi moja yenye wafanyakazi kumi na faili za waombaji wake tu isingeweza kuuona mwenendo kama huo.

Kuthibitisha vyeti kwenye chanzo chake

Huduma ambayo daktari mgeni hukutana nayo mapema ni FCVS, idara ya FSMB ya uhakiki wa sifa iliyoanzishwa mwaka 1996. Kanuni yake ni kwamba cheti kinachotoka mkononi mwa mwombaji hakithibitishi kitu. Chuo chenyewe ndicho kinachoulizwa, hospitali alikofanya mafunzo ndiyo inayojibu, na matokeo ya mtihani hutoka kwa mwenye mtihani. FCVS hukusanya utambulisho, shahada, mafunzo ya baada ya shahada, historia ya mitihani na rekodi ya adhabu, kisha huyaweka katika jalada la kudumu. Daktari akiomba leseni jimbo la pili au la tano, jalada hilohilo huongezewa yaliyo mapya na kutumwa. Chuo hakisumbuliwi tena.

Kwa nini wawe wakali hivyo? Mfano mmoja unatosha, na unaigusa Afrika. Michael Swango alihukumiwa Illinois mwaka 1985 kwa kuwawekea sumu wafanyakazi wenzake wa gari la wagonjwa. Baada ya kutoka gerezani alighushi nyaraka zilizoonyesha kwamba kosa lake lilikuwa ugomvi wa kawaida tu, na akapokelewa kwenye mafunzo ya hospitali South Dakota mwaka 1992, kisha New York mwaka 1993. Alipogundulika alikwenda Zimbabwe, akafanya kazi katika hospitali ya misheni, na huko nako wagonjwa wakaanza kufa katika mazingira ya kutatanisha. Alikamatwa Chicago mwaka 1997, na mwaka 2000 akakiri mauaji ya wagonjwa New York na kufungwa maisha. Waliompokea walizipokea karatasi alizozileta yeye mwenyewe. Simu moja kwa gereza au mahakama ingeufichua uongo huo.

Uhakiki huu una mikwamo yake, na mingi inajulikana. Jina la kwenye pasipoti likitofautiana na la kwenye shahada (mara nyingi ni jina la babu lililoachwa, au la ndoa lililoongezwa) faili husimama mpaka hati ya kubadili jina au kiapo kipatikane. Chuo kinaweza kuchelewa kujibu kwa sababu fomu imepelekwa ofisi isiyohusika. Miezi isiyoelezwa kati ya kuhitimu na kuanza kazi huzua maswali, hata kama mtu alikuwa akimuuguza mzazi tu. Aandike hivyo waziwazi. Hospitali nayo inaweza kufungwa, kama ilivyofungwa Hahnemann ya Philadelphia mwaka 2019 ikiwa na madaktari zaidi ya 500 mafunzoni. Kwa hali kama hizo FCVS hupokea na kutunza kumbukumbu za programu za mafunzo zilizofungwa, ili daktari asibaki na miaka mitatu ya kazi isiyoweza kuthibitishwa na mtu.

Jambo moja husahaulika: FCVS haisemi kama mwombaji anafaa. Hukusanya na kuthibitisha tu. Bodi ndiyo inayosoma na kuamua, na bodi nyingine hazilazimishi matumizi ya huduma hii hata kidogo. Pamoja nayo kuna fomu ya maombi ya pamoja ya mtandaoni, ambayo daktari huijaza mara moja na kuituma kwenye majimbo yanayoitumia, akiongeza maswali ya ziada ya kila jimbo.

Taarifa ya adhabu inavyosafiri

Hapa ndipo naona thamani kubwa kuliko zote. FSMB ina kituo cha data kinachokusanya leseni zote na adhabu zote zinazoripotiwa na bodi: leseni kufutwa, kusimamishwa, kuwekewa masharti, daktari kuonywa kwa maandishi. Kwa sensa iliyofanywa kutokana na data hiyo, madaktari wenye leseni walikuwa 850,085 mwaka 2010 na 1,044,734 mwaka 2022. Takriban robo yao wana leseni ya jimbo zaidi ya moja. Ohio ikimsimamisha daktari, kituo huangalia ni wapi kwingine ana leseni, na bodi za huko hupelekewa taarifa ndani ya siku moja. Hazilazimiki kumwadhibu, kila bodi hufungua faili lake. Lakini haziwezi tena kusema hazikujua.

Kituo hiki mara nyingi huchanganywa na Benki ya Taifa ya Data ya Watoa Huduma, NPDB, ambayo ni ya serikali ya shirikisho na ilianza kazi Septemba 1, 1990. NPDB huhifadhi pia malipo ya fidia yanayotokana na kesi za uzembe, pamoja na uamuzi wa hospitali wa kumwondolea daktari ruhusa ya kutibu kwa zaidi ya siku 30. Wananchi hawaruhusiwi kuiona; hospitali na bodi ndizo zinazoisoma. Data ya FSMB kwa upande wake ina mlango wa umma: tovuti ya DocInfo, ambako yeyote anaweza kuandika jina la daktari na kuona bila malipo majimbo aliyosajiliwa na kama amewahi kuadhibiwa na bodi.

Udhaifu wa mifumo yote miwili ni kwamba hupokea kile kinachoripotiwa. Hospitali inayotaka kumwondoa daktari bila kelele inaweza kumzuia kwa siku 29, au kumwacha ajiuzulu kabla uchunguzi haujafunguliwa rasmi, na hakuna ripoti inayoandikwa. Bodi nayo inaweza kumaliza shauri kwa barua ya siri ya ushauri, ambayo kwa sheria ya jimbo hilo haihesabiwi kuwa adhabu. FSMB haina uwezo wa kulazimisha taarifa hizo zitolewe. Huwahimiza wanachama, huandika miongozo, na hapo mkono wake unaishia.

Mkataba wa majimbo

Tiba kwa mtandao ilipokua, Bunge lilianza kusikia hoja za kuwa na leseni ya taifa. Jibu la bodi lilikuwa Mkataba wa Leseni za Madaktari Baina ya Majimbo, ambao FSMB ilisaidia kuuandika na kuutoa mwaka 2014. Leseni za kwanza kupitia mkataba huo zilitoka mwaka 2017. Sasa unaendeshwa na tume yake yenyewe, na majimbo mengi yamejiunga, ingawa California na New York bado ziko nje.

Watu huuita leseni moja ya majimbo mengi, na si sahihi. Ni njia ya haraka ya kupata leseni nyingi, kila moja ikiwa kamili na ya jimbo lake. Daktari huchagua jimbo la msingi: anakoishi, anakofanya angalau asilimia 25 ya kazi yake, aliko mwajiri wake, au jimbo analolitaja kama makazi yake kwenye kodi ya shirikisho. Jimbo hilo huhakiki sifa zake: awe amefaulu kila sehemu ya mtihani kwa majaribio yasiyozidi matatu, awe na ubingwa unaotambuliwa, asiwe na rekodi ya adhabu wala ya jinai, na asiwe chini ya uchunguzi. Akikubaliwa hupewa barua ya sifa inayodumu siku 365, kisha huchagua majimbo na leseni hutolewa bila uhakiki kurudiwa. Ada ya tume ni dola 700, ambapo 300 huenda kwa jimbo la msingi, na juu yake hulipwa ada ya kila leseni. Gharama halisi hujulikana baadaye: kila leseni hufuata tarehe yake ya kuhuishwa na masharti yake ya masomo ya kujiendeleza. Anayechukua leseni kumi bila kalenda nzuri atapitiwa na moja, na kufanya kazi kwa leseni iliyokwisha muda ni kosa.

Upande wa nidhamu una makali. Jimbo la msingi likifuta au kusimamisha leseni, zile za majimbo mengine ya mkataba huingia hali hiyohiyo papo hapo. Ikiwa hatua imechukuliwa na jimbo lisilo la msingi, leseni nyingine husimamishwa kwa siku 90 ili kila bodi ipate muda wa kuchunguza.

Miongozo, na pale ilipoleta utata

Bodi ndogo haina wanasheria wa kuandika sera ya tiba kwa mtandao au ya akili mnemba. FSMB huunda kamati, huandika mwongozo wa mfano, na wajumbe wakiupitisha kila bodi huuchukua, huubadili au huuacha. Mwongozo wa mwaka 2018 kuhusu afya ya madaktari, kwa mfano, ulizitaka bodi ziache kuuliza kwenye fomu kama mwombaji amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Ziulize tu kama sasa ana hali inayomzuia kufanya kazi salama. Maswali ya zamani yaliwafanya madaktari wenye sonona wakwepe matibabu kwa hofu ya kukosa leseni, na mabadiliko hayo yalistahili kuja mapema zaidi.

Si kila mwongozo umeacha sifa. Ule wa mwaka 1998 kuhusu dawa za maumivu uliwatuliza madaktari waliohofia kuadhibiwa kwa kuandika dawa za jamii ya afyuni. Janga la uraibu lilipokua, Mei 2012 Kamati ya Fedha ya Seneti iliiandikia FSMB, pamoja na mashirika mengine, ikitaka maelezo ya fedha zilizopokelewa kutoka kwa watengenezaji wa dawa hizo. Mwongozo umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwaka 2021 FSMB ilitamka kwamba daktari anayeeneza habari za uongo kuhusu chanjo ya UVIKO-19 anaweza kuchukuliwa hatua na bodi yake. Baadhi ya mabunge ya majimbo yakajibu kwa sheria za kuzifunga bodi mikono. Anayefuatilia mambo haya aangalie pia mapato: sehemu kubwa ya fedha za FSMB hutokana na mitihani, uhakiki na huduma za data, wala si michango ya wanachama. Mapato hayo huifanya isitegemee bodi zenyewe, lakini kila dola hatimaye hutoka kwa daktari anayeomba leseni.

Kwa aliyesoma Muhimbili, Nairobi au Makerere

Kwa mhitimu wa Afrika Mashariki, FSMB peke yake haitoshi. Hana budi kupitia ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha sifa za waliosomea udaktari nje, ambacho huhakiki shahada moja kwa moja na chuo na kumpa cheti akishafaulu Hatua ya 1 na ya 2 na kutimiza masharti mengine. Chuo lazima kiwe katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba, na rekodi yake hapo ionyeshe kwamba wahitimu wake wanakubaliwa na ECFMG. Baada ya cheti hicho huja mafunzo ya ubingwa katika hospitali ya Marekani, ambayo ndiyo kikwazo kikubwa, kwa sababu nafasi hushindaniwa. Ndipo Hatua ya 3, FCVS na maombi kwa bodi. Majimbo mengi humtaka aliyesoma nje awe amekamilisha miaka mitatu ya mafunzo hayo kabla ya leseni kamili. Kuna yanayokubali miwili.

Tangu Tennessee ilipopitisha sheria mwaka 2023, majimbo kadhaa yameanza kufungua njia ya leseni ya muda kwa daktari aliyebobea nje bila kurudia mafunzo hayo Marekani. FSMB, ECFMG na chombo kinachoidhinisha mafunzo ya hospitali waliunda tume ya kupendekeza namna ya kuzilinganisha sheria hizo, kwa sababu kila jimbo lilianza kuandika masharti yake. Daktari anayeifikiria njia hiyo asome sheria ya jimbo husika neno kwa neno kabla ya kuuza nyumba: nyingi hudai mwajiri aliyekwisha kupatikana na kipindi cha usimamizi, na leseni ya aina hiyo haimpeleki mtu jimbo jingine.

Aliyewahi kusajiliwa nyumbani ataombwa pia barua ya hadhi njema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, lile la Zanzibar, KMPDC ya Kenya au baraza la Uganda. Barua hiyo itumwe na baraza lenyewe kwenda kwa bodi. Ikipitia mkononi mwa mwombaji hurudishwa. Kwa kuwa huwa na muda mfupi wa kutumika, iombwe mwishoni, uhakiki wa shahada ukiwa umekwisha. Na ada ya usajili wa nyumbani isiachwe kulala: anayedaiwa hawezi kuandikiwa kwamba yuko katika hadhi njema, hata kama hajawahi kukosea mgonjwa.